Unga na Moshi Ndani ya Damu Yangu

Kwanza naomba mnisamehe kwa mwandiko huu. Herufi zangu huegemea upande mmoja kama ua uliosukumwa na ng'ombe, na najua makosa ya tahajia yapo mengi. Nilisoma shule ya msingi tu, na tangu nitoke huko mkono wangu umezoea jembe na spana ya kukaza baiskeli kuliko kalamu. Naandika polepole sana. Hata hivyo kuongea ni kugumu zaidi kwangu. Watu wa hapa Mbumbuni wanajua kwamba ukitaka jibu la Kyalo ni afadhali utafute jiwe ukae, usubiri.

Aliyeniomba niandike ni Sista Kalekye, muuguzi wa wodi ya watoto aliyenitunza nilipokuwa mdogo. Tulikutana sokoni, akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akacheka kwa furaha. Kisha akaniambia kwamba mpaka leo kuna wazazi wanaowatoa watoto wao wodini wakati mbaya kabisa wa kuwatoa, kwa sababu ile ile iliyotaka kunitoa mimi. Akasema, "Wewe andika tu ilivyokuwa. Mimi nikiwaambia, wanaona ni maneno ya hospitali."

Basi ilikuwa hivi.

Nilikuwa darasa la tatu mvua ilipokosa kwetu mara ya pili mfululizo. Nyumbani tulikuwa Baba, ambaye jina lake ni Mutua, Mama, dada yangu Ndunge, na Susu, yaani nyanya yetu mzaa baba. Baba si mtu wa kelele. Jioni moja alituketisha karibu na mafiga, akatuambia kuna neno moja ambalo hataki kulisikia tena katika boma lake. Neno lenyewe ni nzaa. Ndivyo Wakamba tunavyoita njaa. Alisema kulitaja hakujazi sufuria, kunamuumiza tu yule anayepika. Baada ya hapo alifunga nguo zake akaenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kibwezi.

Sisi tulitii. Ndunge, ambaye ana mdomo mwepesi, alibuni njia yake. Badala ya kusema neno lile alisema, "Mama, tumbo langu linakusalimu," na Mama alicheka hata siku ambazo hakukuwa na cha kucheka. Mimi sikubuni chochote. Nilinyamaza tu, kama kawaida yangu, na baada ya muda nikawa hata silifikirii.

Mbuzi walikwisha. Kunde na mbaazi zikaisha. Ikabaki mahindi ya manjano yaliyoletwa na lori la msaada, na tuliyala asubuhi na jioni, uji leo, ugali kesho, bila maziwa wala maharagwe wala hata majani ya kunde pembeni. Nilikonda mpaka mbavu zikahesabika. Halafu, kidogo kidogo, nikaanza kunona.

Hivyo ndivyo tulivyoona wote. Mashavu yalijaa. Miguu ikawa minene, na kiatu changu cha shule kikakataa kuingia. Susu alifurahi sana. Alinishika kidevu akaninyanyua uso kama mtu anayekagua boga, akasema damu ya upande wake ndiyo hiyo, watu wa kwao hawashindwi na kiangazi. Alimtuma jirani aliyekuwa akienda Kibwezi ampelekee Baba habari kwamba asiwe na wasiwasi, mtoto wake amenona.

Jumapili iliyofuata Pasta wetu aliniona. Alikuwa amehubiri juu ya Mungu kuwalisha watu wake jangwani, na alipoangaza macho kwenye benchi za watoto yakaniangukia mimi. "Kyalo wa Mutua," akasema, "simama watu wakuone." Mimi ambaye nikiitwa darasani nilikuwa najificha nyuma ya mgongo wa mwenzangu, nilisimamishwa mbele ya kanisa zima. Pasta akanishika bega. Akauliza watu, je, huyu anafanana na mtoto wa ukame? Watu wakapiga makofi. Akina mama wakaimba, na walipotoka nje kila mmoja alinifinya shavu. Nilisimama pale nikiwa nimeinamisha kichwa, nikitamani tu kulala.

Watoto wenzangu ndio waliogundua mchezo. Mmoja alibonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, na alipotoa kidole shimo likabaki, kama unavyobonyeza unga uliokandwa. Wakashangaa, wakapanga foleni. Kila mmoja alitaka kuchimba kisima chake kwenye mguu wa Kyalo, na tukaangalia ni kisima cha nani kitakaa muda mrefu kabla ya kujaa. Haikuuma. Mimi mwenyewe nilicheka nao.

Mama alitukuta katikati ya mchezo huo. Hakugomba. Alichuchumaa, akabonyeza mguu wangu yeye mwenyewe, akatazama shimo lile kwa muda mrefu. Nywele zangu nazo zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu kama ndevu za hindi, na zilikuwa zikitoka zenyewe mkononi. Jioni ile aliniwekea uji, nikageuza uso. Alijaribu tena, nikafunga mdomo. Susu alimwambia aache kumsumbua mtoto aliyeshiba. Ndipo Mama akasema maneno ambayo Ndunge hunikumbusha mpaka leo.

"Mama, mtu anayenona anakula. Huyu hali."

Susu alikasirika. Aliuliza ni mwanamke gani anayempeleka mtoto mnono hospitali wakati majirani wanapeleka walio mifupa. Watu watasema nini, na Pasta amemshuhudia kanisani? Na Mutua akirudi asikute mtu nyumbani?  Asubuhi Mama alinifunga mgongoni kwa shuka, ingawa nilikuwa mkubwa na nilikuwa mzito kwa maji, akaomba nafasi juu ya lori lililokuwa limeshusha mahindi ya msaada. Alikwenda bila ruhusa ya mume wala ya mama mkwe. Namwomba msomaji asilipite jambo hilo haraka.

Hospitali ilikuwa ya misheni. Nakumbuka benchi la kungojea kuliko ninavyokumbuka daktari. Lilikuwa refu, la mbao iliyong'arishwa na nguo za watu, na kadiri wa mbele walivyoitwa sisi wote tulisogea kwa makalio, tukikalia joto la aliyetangulia. Upande wangu wa kulia alikuwapo mama mmoja kutoka Kitui na binti yake mdogo aliyekonda sana. Aliitwa Mama Wanza. Alinitazama, akamtazama mtoto wake, akamwambia Mama kwa sauti ya chini, bila ubaya, "Dada, wewe umekuja kututembelea?" Mama alininyanyua mguu akaubonyeza. Mama Wanza aliona shimo likibaki, akatoa kipande cha muwa alichokuwa amehifadhi akampa Mama.

Walitulaza siku ile ile, kitanda kando ya kitanda.

Kitu cha kwanza walichofanya ni kunitoa damu mkononi. Mama aliogopa kuliko mimi, maana sokoni kulikuwa na uvumi kwamba damu za watoto huuzwa. Daktari alikuwa kijana wa kutoka Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno hata wengi wodini hawakukielewa. Alieleza kwamba damu ikiachwa itulie ndani ya kichupa, ile nyekundu hushuka chini na juu hubaki maji ya rangi ya manjano. Ndani ya maji hayo mna vitu vinavyoitwa protini, na yeye anataka kupima mbili kati ya hizo. Akina mama waliitikia ndiyo, ndiyo, daktari, kwa heshima. Alipoondoka wakatazamana.

Sista Kalekye ndiye aliyerudi akatuambia kwa Kikamba. Alisema, "Hiyo ya kwanza ni kama unga kwenye ugali. Unga ukitosha, maji yanashikwa, ugali unasimama. Unga ukipungua, unabaki na uji, na uji unamwagika. Damu ya Kyalo imekuwa uji. Maji yamemwagika yakajaa miguuni na usoni. Hakunona hata siku moja." Halafu akasema juu ya ile ya pili. "Hiyo ni kama moshi. Ukiona moshi nyuma ya kilima, unajua kuna moto hata kama huuoni. Protini hiyo ikipanda, ujue kuna ugonjwa mahali unachoma mwili."

Mimi sijui maabara wanaitaje vitu hivyo, na sitajifanya najua. Wodini viliitwa unga na moshi, na majina hayo yalienea vitanda vyote. Akina mama waliamkiana hivyo. "Unga umeamkaje?" "Wetu umesimama kidogo. Moshi wenu?" "Moshi bado, dada, sijui kuna nani anachoma mkaa humo ndani." Hata mfagiaji aliuliza.

Majibu yangu yalipotoka, unga wangu ulikuwa chini kabisa na moshi wangu ulikuwa juu kabisa. Hilo la pili liliwashangaza, kwa sababu sikuwa na homa. Daktari alisema mwili wangu umechoka mno, hauna nguvu hata ya kupata joto. Wakaanza kuutafuta moto huo mwilini mwangu. Walisikiliza kifua, wakaangalia masikio, wakaangalia koo. Sista Kalekye alipofika miguuni alibonyeza unyayo wa kushoto, nikavuta mguu.

Alimuuliza Mama kama nimeumia. Mama hakujua. Akaniuliza mimi. Nilichukua muda wangu, kama kawaida, na nikamwambia kwamba nilikanyaga mwiba nilipokuwa nikibeba maji kutoka kwenye mchanga wa mto, mahali tulipokuwa tunachimba visima. Niliuchomoa. Aliuliza ni lini. Nikasema kabla ya kunona. Kila mtu kwetu alikuwa na miiba, hakuna aliyeitangaza. Kumbe ncha ilibaki ndani, usaha ukakusanyika chini kabisa, na kwa sababu miguu yote miwili ilikuwa imejaa maji, hakuna aliyeona kwamba mmoja umejaa zaidi. Damu ndiyo iliyoona.

Walipasua unyayo wangu siku ile. Sitaeleza harufu. Ncha ya mwiba ilitoka ikiwa nyeusi, ndogo kama punje ya wimbi, na Mama Wanza aliomba kuiona, akasema ametembea kutoka Kitui hajawahi kuona kitu kidogo namna hiyo kikimlaza mtu mkubwa.

Ukaja wakati wa sindano, kisha wakati wa maziwa. Maziwa yenyewe yalichanganywa na mafuta na sukari, nikapewa kwa kikombe kidogo kidogo, na nilipokataa walipitisha mpira mwembamba puani. Ngozi ya miguu yangu ilibambuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Nilikuwa mtoto mwenye haya, na kuoshwa na Sista mbele ya watu kulinitesa kuliko sindano. Yeye aliligundua hilo bila kuambiwa. Kila mara kabla ya kuniosha alitundika shuka kwenye kamba kuzunguka kitanda changu, na hakumfanyia mtoto mwingine yeyote. Siwezi kumlipa kwa shuka lile.

Halafu maji yakaanza kutoka. Nilikojoa mchana kutwa, kopo baada ya kopo, mpaka Mama Wanza akasema wangekuwa na mtoto kama mimi Kitui wasingelia ukame. Uso ukashuka. Tumbo likashuka. Miguu ikaisha ikawa fito. Kila asubuhi waliponining'iniza kwenye mizani mshale ulikuwa umerudi nyuma, na Sista alifurahi, na Mama alijaribu kufurahi. Nilimwona akinitazama. Yule mtoto wa mashavu alikuwa ameondoka, na pale kitandani palibaki mifupa, macho na meno. Kila Jumatatu walinitoa damu tena. Unga ulipanda. Moshi ulishuka. Lakini unga huo na moshi huo haukuonekana kwa macho, na mifupa ilionekana.

Wakati huo ndipo mvua ilipokuja. Ilipiga mabati ya wodi kwa nguvu hata hatukusikiana, na akina mama wote walisimama madirishani. Baadhi yao walilia. Kwa siku chache zilizofuata vitanda kadhaa vilibaki wazi, maana watu walikwenda kupanda na watoto wao mgongoni. Na mvua hiyo hiyo ilimrudisha Baba kutoka Kibwezi aje kulima. Alifika nyumbani akamkuta Susu na Ndunge, akaambiwa mkewe ameenda hospitali na mtoto mnono. Hakulala hata usiku mmoja. Susu alimpikia, akaja.

Alifika mchana. Nilimwona mlangoni, suruali yake imelowa mpaka magotini, kiondo begani. Alitembea katikati ya vitanda akitazama huku na huku, akitafuta mtoto wa mashavu. Alifika kwenye kitanda changu, akanitazama, akapita.

Mama alisimama. "Baba Kyalo," akamwita. "Umempita."

Alirudi. Alisimama miguuni pangu, akashika chuma cha kitanda. Aliuliza huyu ni nani, na Mama akasema ni Kyalo. Akasema aliambiwa nimenona. Mama alianza kueleza, lakini sauti yake ilimkwama, na Mama Wanza, ambaye hawezi kuona mtu amekwama bila kumsaidia, akaingilia kati.

"Shukuru Mungu, Baba Kyalo," akasema. "Unga wa mtoto wako umepanda sana."

"Unga?" Baba akageuka. "Mnapewa unga hapa?"

"Umepanda. Jumatatu iliyopita wodi nzima hakuna aliyemshinda."

Baba akamtazama Mama. "Unga upo, na mtoto yuko hivi. Huo unga unaliwa na nani?"

 Mama hakusema kitu. Nilimwona akikunja ncha ya leso yake na kuikunjua, na naamini hakuna sindano iliyoniuma kama kimya kile.  Na kama vile shetani amepanga, ilikuwa Jumatatu, na Sista Kalekye aliingia na trei ya kutoa damu.

Baba alijiweka katikati ya trei na kitanda. Alisema kwa upole, na upole wake ulitisha. Aliuliza damu hiyo inapelekwa wapi. Aliuliza kama imetolewa mara nyingi. Alipojibiwa, akasema sasa ameelewa ni kwa nini mtoto amekauka. Sista alimweleza habari za unga na moshi, akamwomba, na mwishowe akamwita daktari.

Daktari alikuja akasema yote tena, taratibu, kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Daktari, mimi nimefuga mbuzi tangu utoto. Mbuzi akinona anapona. Akikonda hivi, tunajua."

"Mzee, ulichoambiwa ni unene yalikuwa maji," daktari akasema. "Yametoka. Huyu unayemwona ndiye mtoto wako mwenyewe."

Baba alitikisa kichwa. Alisema anashukuru kwa kazi yao, lakini nyumbani mvua imenyesha, mboga zimeota, na kama mtoto ni wa kufa basi afie kwao, si mahali anapotolewa damu. Sista akasema nikiondoka sasa nitarudi pale pale nilipotoka, na safari hii sitafika hata kwenye lori. Baba alikuwa ameshaanza kunifunga shuka. Mama alishika ncha moja ya shuka lile. Hakulivuta. Alilishika tu, hakuliachia.

Sikuwa nimesema neno tangu Baba aingie. Alipoinama kuninyanyua, kiondo kikateleza kutoka begani kikanifikia usoni. Ndani yake mlikuwa na kopo, na ndani ya kopo mlikuwa na isyo, yale mahindi ya kuchemshwa pamoja na maharagwe, ambayo Susu alikuwa amempikia. Sijui maharagwe aliyapata wapi. Harufu iliniingia puani, ikashuka, na huko chini kitu kikajikunja na kuuma. Nilikuwa nimesahau maumivu ya namna hiyo. Ilinichukua muda kuyatambua, na muda mwingine kutafuta jina lake, kwa sababu jina lenyewe lilikuwa limekatazwa.

"Asa," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita baba. "Nzaa."

Alisimama vile vile, ameinama, mikono chini yangu. "Umesema nini?"

"Nina njaa."

Nilidhani atanigombeza. Alimtazama Mama. Mama alikuwa analia sasa, bila kujificha.

"Hajalisema neno hilo tangu ulikataze," akasema. "Na hajalisikia mwilini pia. Kila kijiko kilichoingia humo nimekisukuma mimi na Sista. Leo ndiyo mara ya kwanza anaomba."

Baba alinirudisha kitandani polepole sana, kama mtu anayeshusha mtungi uliojaa. Alikaa ukingoni. "Sema tena," akaniambia.

"Nina njaa, Asa."

"Tena."

Nikasema tena. Mama Wanza akaanza kucheka huku akifuta machozi, na kitanda cha pili kikacheka, kikafuata cha tatu, na mtoto mmoja upande wa dirishani akapaza sauti kwamba yeye pia ana njaa. Baba alifungua kopo. Sista alisema ni kidogo tu, na apondeponde vizuri. Alivunja kila harage kwa vidole vyake vilivyokatwakatwa na mkonge, akatoa maganda, akaniwekea mdomoni. Nilikula, nikafungua mdomo tena. Sista alipomzuia baada ya muda, nililia kwa hasira, na daktari alipiga makofi kama mtu aliyeona goli.

Baba alikunja shuka akaliweka chini ya kichwa changu. Kisha yeye mwenyewe akanyoosha mkono wangu kuelekea kwenye ile trei.

"Chukueni hiyo damu," akasema. "Nataka kusikia unga umefika wapi."

Ulikuwa umepanda. Moshi ulikuwa umekwisha kabisa. Baba alitoka na Mama nje kwenye veranda, wakakaa huko muda mrefu. Sijui waliongea nini, lakini waliporudi alikuwa amebeba beseni la nguo za kufua, na wanaume wa kwetu hawabebi beseni. Alibaki nasi. Shamba lililimwa na majirani wa kanisani, na Susu mwenyewe alishika jembe.

Baada ya hapo nilinona kweli. Safari hii mchakato ulikuwa wa kinyume. Mshale wa mizani ulipanda na mguu ukibonyezwa ulirudi pale pale. Nywele mpya ziliota nyeusi chini ya zile nyekundu. Wanza, yule binti wa jirani yetu wa kitanda, alianza kutembea akishika kitanda changu, na siku aliyoruhusiwa kwenda Kitui mama yake alinibusu utosini akasema nisije nikasahau kwamba yeye aliuona mwiba wangu kwa macho yake. Sisi tuliruhusiwa wakati kunde zilipokuwa zikitoa maua.

Jumapili ya kwanza nyumbani Pasta aliniita tena. "Kyalo wa Mutua, simama." Nilisimama. Nilikuwa mwembamba kuliko mara ile ya kwanza, na kovu la unyayo lilikuwa linaniwasha. Lakini Pasta alishuka kutoka mbele, akapiga goti kwenye sakafu na suti yake, akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba mbele ya watu wote. Akatoa kidole. Hakuna shimo.

"Nilimshuhudia vibaya mtoto huyu," akasema. "Leo namshuhudia vizuri. Sasa kila mama ageukie mtoto wake, ambonyeze mguu."

Kanisa zima liliinama. Kulikuwa na vicheko, watoto wakitekenywa, viatu vikivuliwa. Halafu upande wa nyuma mwanamke mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Pasta, hapa shimo limebaki." Na mwingine karibu na mlango naye akasema vivyo hivyo. Mama yangu aliondoka kwenye benchi letu akaenda kukaa nao. Kesho yake alipanda lori pamoja nao, na safari hii Susu ndiye aliyewafungia chakula cha njiani. Watoto wote wawili wako hai. Mmoja amenishinda urefu.

Sasa niko hapa Mbumbuni, natengeneza baiskeli. Mguu wa kushoto huniuma kidogo wakati wa baridi kutoka milima ya Mbooni, basi. Baba ni mzee. Lile katazo lake liliisha siku ile wodini, na mpaka leo tukikaa kula huniuliza kwanza, "Kyalo, unasikiaje?" na mimi najua anataka nijibu nini, namjibu.

Wewe uliyekaa kwenye benchi lile sasa hivi, au unayetazama mtoto wako wodini akiisha mbele ya macho yako huku wauguzi wakifurahi, usimfunge shuka bado. Waulize damu inasema nini. Subiri. Na siku atakapokuomba chakula kwa mdomo wake, hata kama ni kwa kulia, hata kama ni kwa kukugombeza, chukua karatasi uniandikie alisema maneno gani. Mpe Sista, atanifikishia. Mwandiko mbaya si kitu, mmeshauona wangu. Nitawajibu wote, ila mnivumilie, maana naandika polepole.